Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kununua shotigani semi-otomatiki ya bei nafuu ya kulenga visahani, ukiwa Nairobi

Haya maswali nimeyajibu mara nyingi sana kwa simu, kwa meseji, na hapo kwa parking ya klabu watu wakipakia vitu jioni, hadi nikaona heri niyaandike yote pahali pamoja. Mimi si muuzaji wa bunduki. Ni mtu anapenda huu mchezo kutoka moyoni na ningependa Wakenya wengi wauingie bila kupoteza pesa venye nilipoteza mwanzoni.

Naeza ingia tu dukani na pesa zangu nichague bunduki?

Hapana. Hapa kwetu kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na hiyo inasema huwezi kununua wala kukaa na bunduki ama risasi zake bila cheti, na mwenye kutoa cheti ni Bodi ya Leseni za Silaha. Wataangalia wewe ni nani, rekodi yako polisi ikoje, sababu yako ya kutaka bunduki ni gani, na utaiweka wapi. Cheti kinahuishwa kila mwaka na kinataja bunduki yenyewe, pamoja na risasi ngapi unaruhusiwa kuwa nazo kwa wakati mmoja. Hiyo idadi ya risasi watu huisahau alafu wanashangaa dukani wakiambiwa hawawezi kubeba katoni nzima, kwa hivyo ukiomba, eleza vizuri kwamba wewe ni wa visahani na visahani hula risasi nyingi.

Sasa kitu nataka ukisikie mapema: usianze na cheti. Anza na klabu iliyosajiliwa, piga na bunduki ya klabu ukisimamiwa na kochi, mwezi mmoja, miwili, mitatu. Ukifika wakati wa kujaza fomu utakuwa unajua unataka nini na hata sababu yako itakuwa ya kweli, una klabu, una kochi, una historia. Ukitangulia kununua ndio baadaye utafute mchezo, nafasi kubwa ni kwamba utanunua kitu hakikufai.

Visahani vyenyewe ni nini, na hizi trapu, skiti na spotingi zinatofautiana wapi?

Ni visahani vidogo vya lami na unga wa chokaa, watu huviita vya udongo lakini udongo hakuna siku hizi. Wa kwanza kuvitengeneza vikiwa vya udongo wa kuchoma alikuwa George Ligowsky wa Cincinnati, Marekani, mwaka wa 1880, kabla ya hapo watu walikuwa wanapiga njiwa hai. Kile cha Olimpiki kina upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105 hivi. Mashine inakirusha, wewe unaita, unapiga kabla hakijafika chini.

Trapu visahani vinakimbia vikienda mbele yako, vinapanda na kupotea kwa kasi, na hujui vitaenda kushoto au kulia. Skiti kuna nyumba mbili, moja ya juu moja ya chini, na wewe unazunguka vituo 8 visahani vikikatiza mbele yako, njia ni ileile kila mara kwa hivyo ni mchezo wa kujifunza kupeleka mtutu mbele ya kitu. Spotingi ndio mchanganyiko, kingine kinaruka kama kanga, kingine kinabingirika chini kama sungura, kila kituo na mambo yake. Mimi kama mtu anataka bunduki moja tu namwambia anunue akifikiria skiti na spotingi, juu semi-otomatiki, yaani ile inajipakia risasi inayofuata yenyewe kila ukifyatua, inang'aa hapo zaidi.

Kwa nini semi-otomatiki? Si wale wazuri wote wana zile za mitutu miwili?

Kweli, ukiangalia Olimpiki utaona ova-anda tupu, mtutu mmoja juu ya mwingine. Ziko na choki mbili tofauti (choki ni ule mbano wa mdomo wa mtutu unaoamua zile chembe ndogo za risasi, marisaa, zitatawanyika kiasi gani), zinafunguka katikati kila mtu anaona kwamba hazina kitu, na zikitengenezwa vizuri zinakaa miaka hamsini. Lakini ova-anda ya bei rahisi na ova-anda nzuri ni vitu viwili mbali sana. Ile ya bei ya chini ikipigwa risasi elfu kadhaa inaanza kulegea pale kwa bawaba, trega ya pili inagoma, na kurekebisha ni kazi ya fundi mwenye mikono ya kweli.

Semi-otomatiki kwa pesa hiyohiyo unapata chombo cha maana zaidi. Mtutu mmoja, reli moja ya kuangalia, na zile za gesi zinapunguza teke sana. Kuhusu teke sitaki ulichukulie rahisi. Mtu mgeni akipigwa bega raundi mbili za kwanza, raundi ya tatu anaanza kufumba macho kabla hajafyatua, na hiyo tabia ikiingia kuitoa ni kazi ya miezi. Nimeona watu wameacha mchezo juu ya hiyo tu, watu wazuri, walikuwa na jicho.

Na sheria za kimataifa zinairuhusu. ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, linakubali semi-otomatiki mradi magazini, lile bomba la risasi za akiba, imezibwa isichukue zaidi ya risasi moja, yaani moja kwa chemba, pale inapofyatuliwa, na moja kwa magazini. Chenye hawakubali ni pampu, ile unavuta kwa mkono kila risasi. Kwa hivyo yule jamaa anakuambia pampu ni rahisi nunua hiyo, mwambie asante alafu endelea na safari yako.

Gesi au inersia? Naskia watu wakibishana.

Hapa ndio roho ya mambo yote, soma polepole.

Bunduki ya gesi ina matundu madogo kwa mtutu. Risasi ikipita, gesi kidogo inaingia hapo, inasukuma pistoni, pistoni inasukuma nyuma bolti, kile chuma kinachofunga chemba, ganda linatemwa, risasi ingine inapanda. Kwa sababu hiyo kazi inatandazwa kwa muda mrefu kidogo, bega lako linaskia msukumo badala ya kofi. Ubaya ni masizi. Gesi inaacha uchafu kwa pistoni na kwa bomba la magazini na usipoosha itaanza kukwama.

Bunduki ya inersia haina matundu wala pistoni. Kuna springi ndani ya bolti, bunduki ikirudi nyuma kwa teke mwili wa bolti unabaki palepale kidogo, springi inabanwa, alafu inajirusha na kufanya kazi yote. Benelli wa Italia ndio walifanya huu mfumo ukajulikana dunia nzima. Ni safi, ni nyepesi, ina spea chache za kuharibika. Lakini ona: inategemea bunduki irudi nyuma. Ukitumia risasi nyepesi teke ni dogo, springi haibanwi vya kutosha, inakwama. Ukiishika kwa ulegevu, inakwama. Na teke lote linakuja kwako.

Mimi bunduki yangu ya kwanza ilikuwa ya inersia, nyepesi, bei nzuri sana, sitaitaja jina. Nilinunua sababu ilikuwa inapendeza mkononi pale dukani, na kwa duka kila bunduki nyepesi inapendeza. Nikaenda nayo klabu na risasi za gramu 24 (huo ni uzito wa marisaa ndani yake) kwa sababu ndizo kochi alikuwa ameniambia ninunue, na kati ya risasi 25 ilikwama mara sita. Kila ikikwama natoka kwa mstari, wenzangu wananingoja, kichwa kinachemka, kisahani kinachofuata nakosa. Bunduki haikuwa mbovu. Ilikuwa imetengenezewa mtu wa bata anayepiga risasi nzito asubuhi moja kwa wiki. Nilipiga risasi nzito karibu mia mbili ndio ikaanza kulainika, bega likawa la zambarau, na bado gramu 24 ilikuwa bahati nasibu.

Kwa hivyo jibu langu kwa mtu wa visahani mwenye bajeti ya kubana ni gesi. Inersia chukua kama tayari umeipiga na risasi zilezile utakuwa ukitumia kila wiki na haikukwama.

Basi nitajie majina.

Sawa. Kwa zile za gesi za bei ya kati, Beretta A300 ndio ningetazama kwanza. Beretta wako kazini tangu 1526 na A300 ni mdogo wa A400, haina mapambo mengi lakini ndani imara, na hiyo A300 Ultima ya sasa wanaitengenezea kiwanda chao cha Tennessee, Marekani. Ya pili Winchester SX4, ilitoka 2017, ya gesi pia, haichagui risasi sana na trega yake si mbaya. Mossberg 940 iko, walirekebisha mambo ya masizi yaliyokuwa yakisumbua ile 930, wenyewe wanadai inaenda hadi risasi 1,500 bila kuoshwa. Mimi siwezi kungoja hivyo lakini angalau ujue wamefikiria.

Remington 1100 ni mzee wa kuheshimiwa. Ilianza 1963 na zimetengenezwa zaidi ya milioni nne, ni nzito, ni laini kupiga mpaka unatabasamu. Ukiiona ya mtumba, angalia kale kapete ka mpira mbele ya bomba la magazini, kakipasuka bunduki inakataa kufanya kazi na ni kitu cha bei ndogo sana. Watu wameuza 1100 nzuri kwa hasara juu ya hako kapete.

Upande wa inersia wa bei nafuu kuna Stoeger M3000, inatengenezwa Uturuki na iko chini ya kampuni mama ya Beretta, na Franchi Affinity ambayo pia ni ya familia hiyo. Affinity ni nyepesi na inakaa vizuri mkononi. M3000 wengi wanaipenda kwa bei, ila ikiwa mpya inataka risasi nzito kidogo za kuilainisha kabla haijakubali nyepesi.

Alafu kuna Uturuki kwa jumla. Huko kuna viwanda vingi mno, vingine vinatengenezea majina makubwa, kwa mfano CZ 712 ni kazi ya Huglu. Vingine vinatoa bunduki ambayo mwaka ujao inabadilishwa jina na spea zake hazipatikani tena. Siwezi kuzikataa zote kwa mpigo, kuna nzuri kabisa, lakini kabla ya kulipa uliza swali moja: springi ya bolti na pini ya kupigia vikivunjika, mnavyo hapa Nairobi? Wakianza kuzunguka na maneno, hilo ni jibu.

Bei je?

Kwa maduka ya Marekani M3000 huwa inazunguka dola 600 na kidogo, SX4 na A300 huwa karibu na 1,000, na A400 ya visahani inapita 1,700. Usichukue hizo ukabadilisha kwa shilingi ukadhani ndio bei ya hapa, kuna usafiri, kuna ushuru, kuna vibali, kuna faida ya duka. Chukua ule mpangilio tu, ipi iko juu ya ipi, ukiulizia hapa.

Na tupige hesabu ambayo muuzaji hatakupigia. Ukienda klabu mara mbili kwa mwezi, kila siku visahani 100, hiyo ni 200 kwa mwezi na 2,400 kwa mwaka, na kila kisahani angalau risasi moja. Risasi zinauzwa boksi la 25, kwa hivyo ni maboksi 96, ongeza bei ya visahani vyenyewe, ongeza mafuta ya gari. Uliza bei ya boksi moja leo, zidisha, alafu uangalie tena ile tofauti kati ya bunduki ya kwanza na ya pili kwa orodha yako. Mwaka wa pili risasi zimepita bunduki. Ndio maana nasisitiza nunua bunduki ambayo inakula risasi rahisi bila kulalamika, juu hapo ndipo pesa yako itakuwa ikienda miaka yote.

Geji 12 au 20? Mke wangu pia anataka kupiga.

12. Geji ni upana wa mtutu, na ya 20 ni nyembamba kuliko ya 12. Mpeleke mama naye na geji 12 ya gesi yenye uzito, risasi ya gramu 24, na ataskia teke dogo kuliko geji 20 nyepesi ya inersia. Watu hudhani ndogo ndio laini, si lazima. Risasi za 12 pia ndizo zimejaa madukani hapa, za 20 utazitafuta.

Alafu kuna hatari ambayo lazima niiseme. Risasi ya geji 20 ikiingia kwa mtutu wa geji 12 inateleza mbele inakwama ndani, unafikiri hakuna kitu, unaweka ya 12 nyuma yake, unafyatua, mtutu unapasuka. Ndio maana maganda ya 20 hupakwa rangi ya manjano. Nyumba ikiwa na geji zote mbili, zisikae mfuko mmoja hata siku moja.

Mtutu urefu gani, choki gani?

Inchi 28 au 30. Semi-otomatiki ina mwili mrefu kuliko ova-anda kwa sababu ya bolti, kwa hivyo 28 yake inakuwa ndefu kama 30 ya wenzake. Mtu mfupi 28, mtu mrefu mwenye mikono 30. Mtutu mrefu unakimbia polepole lakini haukatiki katikati ya mwendo, na kusimamisha mtutu ndio ugonjwa wa kila mgeni.

Choki za kubadilisha unazihitaji, bunduki nyingi mpya huja nazo tatu au tano. Skiti ni karibu, weka ile iliyo wazi kabisa au ya skiti. Spotingi weka ya robo au nusu uache hapo siku nzima. Trapu visahani viko mbali, nusu kwenda juu. Watu hubadilisha choki kila kituo kama wanabadilisha gia, mimi naona ni kujisumbua kichwa wakati macho yanatakiwa kuwa kwa kisahani.

Nitajuaje imenikaa?

Hili ni muhimu kuliko jina. Shotigani haina kilengeo cha nyuma. Kilengeo cha nyuma ni jicho lako. Kama kitako kimeweka jicho pabaya, unaangalia pengine na marisaa yanaenda pengine, na utajilaumu bure.

Kwanza hakikisha haina kitu ndani, angalia kwa macho na uingize kidole kwa chemba. Simama, angalia pahali mbali salama ukutani, funga macho, panda nayo begani na shavuni kama kawaida yako, fungua macho. Unataka uone shanga ya mbele imekaa katikati ya reli, na reli kidogo sana inaonekana. Ukiona mgongo wa bolti tu, kitako kiko chini sana kwako. Ukiona reli yote kama barabara ya Thika kutoka juu ya daraja, kiko juu sana. Kati ya pua na kidole gumba cha mkono wa trega kuwe na nafasi ya vidole viwili vitatu. Kikiwa kirefu kinanasa kwa koti ukipandisha, kikiwa kifupi kidole kinakupiga pua.

Uzuri ni kwamba semi-otomatiki nyingi za siku hizi huja na vipande vya plastiki vya kuweka kati ya kitako na mwili, unainua, unashusha, unapeleka kushoto au kulia. Uliza kama viko kwa boksi, maduka mengine huvipoteza. Kama huelewi, kochi atakufanyia nusu saa.

Na kabla ya hayo yote jua jicho lako kubwa ni lipi. Nyosha mkono, elekeza kidole kwa kitu kilicho mbali macho yote wazi, funga la kushoto. Kidole kikibaki hapo, la kulia ndio linatawala. Kikiruka, ni la kushoto, na kama unapigia bega la kulia mwambie kochi siku ya kwanza kabisa usingoje.

Natumia mkono wa kushoto.

Bunduki ya kawaida inatema ganda upande wa kulia, kwako itapita mbele ya uso. Haikugongi, ila inasumbua macho, na masizi kidogo yanakujia. Beretta na Benelli hutengeneza za mkono wa kushoto, utangoja iagizwe. Ukikosa, angalau sefti, kile kifungo cha kuzuia trega, ihamishwe upande wako, bunduki nyingi zinakubali.

Ya mtumba ni salama?

Ni njia nzuri sana kama inapita kwa duka lenye leseni na karatasi zote, na namba ya bunduki inalingana na cheti cha anayeuza herufi kwa herufi. Kuuziana kwa parking hapana, hata akiwa ni binamu yako.

Ukiishika, angalia ndani ya mtutu kutoka upande wa chemba ukielekeza kwa mwanga. Unatafuta kidonda, kivuli cha pete ambacho ni ishara mtutu umefura, au kutu. Fungua choki, nyuzi ziwe safi na itoke kwa mkono bila kupigana. Toa lile kava la mbao la mbele, angalia nyufa pale linapoegemea. Pistoni ikiwa nyeusi tii, si shida, inaoshwa, lakini inakuambia mwenyewe alikuwa mtu wa aina gani. Vuta bolti uachilie, irudi kwa nguvu na ifunge yenyewe. Mpira wa kitako ukiwa mgumu kama soli ya kiatu, panga kununua mwingine.

Kuna zile nyeusi fupi za kama za polisi, bei rahisi. Zinafaa?

Hapana. Mtutu wa inchi 18 haukimbii vizuri na reli ya juu mara nyingi hakuna. Hiyo ni kazi ingine.

Risasi nichague zipi?

Marisaa namba 7½, 8 au 9. Namba ikipanda ukubwa unashuka, 7½ ni kama milimita 2.4 na 9 ni kama milimita 2. Uzito gramu 24 au 28. Gramu 24 ndio kiwango cha ISSF na ndio inaokoa bega. Kwa gramu 28 za namba 7½ una chembe kama 350, kwa namba 9 karibu 580, kwa hivyo karibu tumia ndogo nyingi, mbali tumia kubwa chache. Chukua boksi moja moja za aina mbili tatu, jaribu, ile bunduki inakula bila kukwama ndio yako, kaa nayo.

Angalia pia shaba ya nyuma ya risasi. Zingine za bei ya chini hapo huwekwa chuma badala ya shaba, kinafura kidogo zikipigwa na zinashika kwa chemba. Watu hulaumu bunduki.

Naiosha kila baada ya muda gani?

Mimi yangu ya gesi kila baada ya risasi 250 hivi natoa pistoni, napangusa bomba la magazini, napitisha kitambaa kwa mtutu, dakika ishirini nikiwa na chai. Mafuta weka kidogo sana. Januari na Februari vumbi letu jekundu likikutana na mafuta mengi linakuwa kama msasa ndani ya bolti. Wakati wa masika ni kinyume, maji ndio adui, ukifika nyumbani usiiache ndani ya begi hata kama umechoka, itoe, ikaushe, kutu haingoji asubuhi.

Adabu ya uwanjani?

Semi-otomatiki ikifungwa hakuna anayejua kama ina kitu, ndio maana wenye ova-anda hutuangalia kwa wasiwasi. Bolti ikae wazi kila wakati hauko kwa kituo, na weka kile kibendera cha plastiki kwa chemba. Mtutu juu au chini, kamwe usipite watu. Risasi weka ukiwa kwa kituo, zamu yako, moja au mbili tu. Ikikwama, mtutu unabaki mbele, inua mkono, usigeuke na bunduki kuuliza jirani. Na kwa trapu, maganda yako yatamgonga mtu wa kulia, kuna kishikio kidogo cha kuyazuia, nunua, ni heshima.

Masikio zibeni, tafadhali. Shotigani inapita desibeli 150 na masikio yanaumia kutoka 140, na yakienda hayarudi. Miwani pia, vipande vya visahani hurudi. Ukimaliza nawa mikono kabla ya kushika sandwichi, marisaa ni madini ya risasi, yaani lead, na hiyo ni sumu.

Nikitoka klabu naeza pitia sokoni nayo kwa gari?

Usipitie popote. Bunduki kwa begi lake, bila kitu ndani, kwa buti, risasi pembeni, unaenda nyumbani moja kwa moja kwa sefu iliyofungwa ukutani na bolti. Kuacha bunduki kwa parking ya moli ukinunua mkate ndio namna watu hupoteza silaha na cheti siku moja.

Nimepata A300, imenikaa, haikwami, na bado nakosa. Shida ni nini?

Mara nyingi unaangalia shanga. Unapima, unahakikisha, mtutu unasimama, kisahani kinaenda. Angalia kisahani chenyewe, ukingo wake wa mbele, mpaka uone ile michirizi yake, na uache mikono ifuate. Nenda kwa karatasi kubwa kwanza, hatua kumi na tano hivi, piga risasi tano ukilenga alama ileile, uone marisaa yanakaa wapi. Yakiwa katikati au juu kidogo, bunduki iko sawa. Yakienda kushoto yote, rudi kwa vile vipande vya plastiki vya kitako, badilisha kimoja, piga tena tano.